Tuni ya Dhahabu na Mkazo wa Kiswahili

SWALI: Kwaya yetu inatafsiri nyimbo za wasaka dhahabu wa California walioteseka baharini. Mbona maneno hayakai kwenye tuni? – Mwalimu wa kwaya, Kakamega

JIBU: Mwalimu, tatizo ni mkazo. Tuni hizo aghalabu humaliza mstari kwa pigo zito. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo likiangukia "bu" ya "dhahabu", neno linalemaa. Liwekeni kwenye "ha", kisha muongeze noti fupi ya "bu". Wala msitafsiri neno kwa neno. Wasaka dhahabu wenyewe walibandika maneno yao kwenye tuni zilizokwisha kupendwa, kama "Oh! Susanna" ya Stephen Foster (1848).

Mateso yatajwe kwa majina. Mwaka 1849, kutoka New York hadi California kwa kuzunguka Rasi ya Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, kulichukua miezi mitano hadi minane: biskuti ngumu zenye wadudu, nyama ya chumvi, maji yanayonuka, na kiseyeye, fizi kuvimba na kutoka damu kwa kukosa matunda na mboga. Waliokatiza nchi kavu ya Panama walifupisha safari, wakakumbana na malaria na kipindupindu. Hao ubeti mmoja unawatosha.

Dhahabu ya Kakamega ya miaka ya 1930 itungieni wimbo wake, msiichomeke humu.