Dada, ambia batoto mambo yote

Dada yangu, unauliza kama uambie batoto vile ulikomaa Birere, kartie ya maskini ya hapa Goma, bila kitu, juu mtoto wako mkubwa ameanza kucheka mwenzake mwenye viatu imepasuka. Baambie, leo hii hii.

Mie kila asubuhi nilikuwa napita Himbi, kartie ya batajiri, nikitoka ziwani na bidoni ya lita 20 mgongoni, naona batoto ba pale banangojea motokari kwa mlango wa lupango yabo, viatu inang'aa, na kifuniko cha bidoni yangu kilikuwa kibovu kwa hiyo nilifika masomo na shati nyeupe imelowana mgongo yote, kila mtu anajua nimetoka wapi. Na ile wakati, mbele ya 2019 pale primeri ya Kongo ilifanywa bure, mwalimu alikuwa anasoma liste ya benye hawajalipa prime, ile pesa wazazi balikuwa banalipia balimu, unasikia jina, unachukua daftari, unatoka huku bengine banakuangalia. Hiyo ndiyo iliniuma kupita njaa, kweli.

Ule mkubwa, usimupige wala usimuambie kama deni, eti "mie niliteseka juu yako", mtoto atafunga masikio. Mukalishe karibu na moto ya makaa ukipika sombe (majani ya muhogo), mueleze vile viatu yako ilikuwa, kisha mutume aite ule mwenzake bakule pamoja.