Jibu kwa mdogo wangu anayeuliza: tumaini linashikwaje Mungu akiwa kimya?

Mdogo wangu wa Mtwara mjini, pole sana. Umeandika kwamba unamuuguza mama, kibarua kimekatika, unaomba mwaka wa tatu sasa na unaona mbingu zimefungwa. Ukauliza sisi wengine tunaendeleaje kumtumaini Mungu. Wengi wamekujibu vizuri, lakini yule aliyesema imani yako ni haba simuungi mkono hata kidogo.

Mimi ni Mwanglikana wa Masasi, mkulima wa korosho. Mume wangu alipigwa na kiharusi mwezi wa sita, mikorosho ikijiandaa kutoa maua na salfa, dawa ya kukinga maua, ikitakiwa ianze kupulizwa. Mkulima mwenzangu anajua maana yake. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hausubiri mgonjwa apone. Pesa ya salfa iliishia kwenye nauli na dawa, maua yakafunikwa na ule unga mweupe yakakauka, na msimu ulipofika tuliokota korosho za kujaza pembe moja ya ghala. Tulikula mihogo na ming'oko, vile viazi vya porini, deni la dukani likapanda, mtoto akarudishwa nyumbani kwa michango ya shule.

Nilisali kwa hasira kipindi hicho, na siioni kuwa dhambi. Zaburi ya 13 inaanza hivi: "Ee Bwana, hata lini? Utanisahau hata milele?" Zaburi ya 88 ni nzito zaidi, inalia mwanzo hadi mwisho na inamalizikia gizani. Watu wa Mungu waliziimba hizo katika ibada, na hakuna aliyezifuta. Kwa hiyo unapomlilia Mungu ukimuuliza yuko wapi, unafanya walichofanya waamini wa kale. Mlalamikie yeye mwenyewe, mdogo wangu, tena kwa sauti.

Nabii Eliya naye alichoka mpaka akaomba kufa, akalala chini ya mti wa mretemu. Soma 1 Wafalme 19 uone Mungu alianza na nini. Hakuanza na karipio. Malaika alimgusa akamwambia ale. Palikuwa na mkate na maji, akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, ndipo safari ikaendelea. Mtu anayeuguza anahitaji sana kuisikia sura hiyo.

Lakini kilichonishika mimi ni Yeremia 32. Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, nabii mwenyewe amefungwa katika ua wa walinzi, na yeye ndiye aliyekuwa akisema mji utatekwa. Hapo hapo anakuja binamu yake, Hanameli, anamwambia anunue shamba la Anathothi. Yeremia analinunua! Anapima shekeli 17 za fedha, anaandika hati, anaweka mashahidi, kisha anaagiza hati zitiwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Shamba lenyewe liko katika nchi inayomezwa na adui. Na kwa kuwa alikwisha kutangaza miaka 70 ya kuwa chini ya Babeli, alijua kwamba si yeye atakayelilima. Baada ya kununua akamwomba Mungu, na ukiisoma sala yake utaona kwamba bado alikuwa anashangaa kwa nini ameambiwa anunue. Hakuwa na amani tele moyoni. Alitii tu, akalipa fedha halali kwa ajili ya siku ambayo asingeiona.

Nilipoisoma sura ile nikachukua jembe. Sikuwa na hela ya salfa wala sikujua nitaipata wapi, ila nilipalilia chini ya mikorosho na kukata matawi makavu, kama mtu mwenye uhakika wa msimu. Asubuhi nyingine sikuhisi imani yoyote, nikapalilia hivyo hivyo. Msimu uliofuata jirani yangu, Mwislamu, alipomaliza kupuliza kwake aliingiza bomba lake shambani kwangu akapuliza mikorosho ya upande wa mpakani. Sikumwomba, na alikataa malipo. Mimi naamini Mungu alimtuma, na nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba ujirani ni amana.

Sisi wa Masasi tuna sababu ya kuelewa habari kama hiyo ya Yeremia. Kanisa letu lilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipokuja kutoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1882 walivamiwa na Wamagwangwara, wapiganaji wa Kingoni, wengine wakachukuliwa mateka tena. Hebu fikiria: mtu ameonja uhuru miaka michache, anafungwa kamba mara ya pili. Hata hivyo sala haikukatika katika nchi hii, na sisi tunabatizwa na kuzikwa humo humo hadi leo.

Sasa jihadhari na wanaokuambia utume sadaka kwa simu ili muujiza wako ufunguke. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba uliomtesa mwilini utoke, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Mwiba ulibaki. Mkono wa kulia wa mume wangu nao haujarudi. Anatembea kwa fimbo, anakaa kivulini akichambua korosho kwa mkono wa kushoto, na jioni yeye ndiye anayeongoza sala nyumbani. Bado ninaomba mkono ule upone.

Umeuliza pia kama uendelee kufunga. Kama usiku unaamka kumgeuza mgonjwa, kula, mdogo wangu, Mungu anajua. Na Jumapili watu wakikuuliza hali ya mama, usiwajibu "tunamshukuru Mungu" ukapita. Waambie akina mama wa kanisani kwamba unahitaji mtu wa kukaa naye siku mbili kwa wiki ili uende kutafuta kibarua. Taja na siku zenyewe. Wakishindwa, niandikie faraghani, nina ndugu huko Mtwara ninaoweza kuwaomba.