Re: Kwa nini watu wanaiogopa chanjo ya puani kabla hata haijatoka?

Mkuu umeuliza kwa nini watu washaanza kuikataa hii chanjo moja ya kupuliza puani ya kukinga magonjwa mengi ya kifua, mimi naona wengi hawajaambiwa vizuri. Hiyo chanjo ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, imefanyiwa majaribio kwa panya, sasa mtu akisoma kichwa cha habari tu anadhani kesho anapuliziwa yeye, lazima ashtuke.

Na hofu ya pua si ya kupuuza jamani. Uswisi msimu wa 2000/2001 kuna chanjo ya mafua ya puani ilihusishwa na watu kupooza upande mmoja wa uso, ikaondolewa sokoni. Ila Marekani wanatumia ya mafua ya kupuliza tangu 2003, na India waliidhinisha ya korona 2022, kwa hiyo pua yenyewe sio tatizo, ni kimewekwa nini ndani.

Mimi mwanangu akiona tu pamba ya spiriti anaanza kulia, anakaza mkono mpaka nesi anashindwa, kwa hiyo naisubiri kwa hamu kweli. Ila wapime kwanza kwa binadamu, na madhara wayaseme wazi.