Swali la lugha: Kukata bima, kukatwa bima, kukatiwa bima

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkulima wa tumbaku, Urambo. Kwenye kikao cha chama chetu cha msingi tulikuwa tunajadili hii bima ya afya kwa wote. Katibu akasema, "Msimu ujao wanachama wote watakatiwa bima." Nusu ya ukumbi wakapiga makofi, nusu wakanuna. Mzee mmoja akasimama akauliza, "Mtatukatia bima kwa kosa gani?" Mwingine akadakia kwamba yeye hakatwi tena hata senti, makato ya pembejeo yanamtosha. Tuligombana mpaka magharibi. Je, kukata, kukatwa na kukatiwa bima ni kitu kimoja? Na kwa nini tunasema tunakata, bima siyo mti?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nacheka peke yangu. Kila mmoja hapo ukumbini alimsikia katibu sawasawa, ila walisikia sentensi tatu tofauti.

Nianze na mti. Ukifika stesheni ya Tabora, pale njia za Kigoma na Mwanza zinapoachana, mtu atakuambia "nimekata ya Kigoma" wala hatataja tiketi. Tiketi ilikaa kwenye kitabu. Karani akaichana, wewe ukaondoka na kipande, kishina kikabaki kwake. Risiti vilevile. Leseni nayo tunaikata, na kadi ya chama pia. Kwa maoni yangu bima iliingia kwenye foleni hiyohiyo: unalipa, unapewa karatasi inayokutambulisha. Siku hizi kishina hakuna, namba inakuja kwa simu, lakini kitenzi kimebaki. Kwa hiyo "nimekata bima" ni Kiswahili safi, na anayekusahihisha useme "nimenunua" anajisumbua bure.

(Neno bima lenyewe lina asili ya Kiajemi, kwenye neno *bim*, yaani hofu, na Wahindi wanalitumia vilevile. Basi akataye bima anakata hofu. Huo ni mzaha wangu, usiupeleke kikaoni.)

Kukatwa ni habari nyingine. Ukisema "nimekatwa kidole", kilichotoka mwilini ni kidole. Ukisema "nimekatwa bima", bima haijatoka popote. Kilichotoka ni pesa, na bima ndiyo sababu yake. Kwa ukamilifu ingekuwa "nimekatwa mchango wa bima", ila mazungumzo yanapenda njia ya mkato. Mtumishi wa serikali anaizoea lugha hii tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uanze kazi mwaka 2001 kwa sheria ya 1999: mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu anakatwa yeye, nusu anatoa mwajiri. Kwake kukatwa ni jambo la kila mwisho wa mwezi na hana haja ya kulipigia kelele. Kwa mkulima wa tumbaku neno lilelile lina uchungu wake. Mbolea inakatwa, mkopo unakatwa, ushuru unakatwa, na hela inayofika mkononi ni masalia. Huyo aliyesema hakatwi tena hakuwa anaipinga bima. Alikuwa anaipinga njia ya kulipia, na kitenzi alichochagua kinaonyesha hivyo waziwazi. Mtu huyohuyo ungemwambia "nenda kakate bima" pengine angeuliza bei.

Sasa tufike penye kesi yenyewe, kukatiwa. Hapa katibu aliteleza, na kosa si lake peke yake, ni la kiambishi. Kauli ya kutendea haina upande: inabeba neema na inabeba balaa kwa umbo lilelile. Umepikiwa wali, umeibiwa baiskeli. Umejengewa nyumba, umefiwa. Kwa kitenzi *kata* pande zote mbili zina mizizi mirefu. "Amewakatia wazazi wake bima" ni mtoto mwenye shukrani. "Tumekatiwa umeme" ni giza. Kwa hiyo "wanachama watakatiwa bima" inaweza kuwa chama kinawalipia, ndiyo makofi. Au wanachama wanafutiwa ile waliyonayo, ndiyo maana mzee akauliza kosa lake. Na wapo waliosikia "watakatwa". Irabu moja ndogo, ukumbini penye feni na minong'ono, inapotea.

Dawa yake ni kumtaja mtenda. "Chama kitawakatia wanachama bima" haina utata, kwa sababu huwezi kudhani chama kimekuja na koleo kung'oa waya. Utata unakaa kwenye kauli ya kutendwa isiyo na mwenyewe. Na ukitaka maana ile mbaya, tumia "kusitishiwa" au "kufutiwa bima". Muda ukiwa umepita tu, sema "bima imeisha"; "imekatika" iache kwa kamba na mawasiliano.

Umeuliza vitatu, nami nakuongezea viwili, maana vitawafaa mkirudi kikaoni. Cha kwanza ni *kuchangia*. Igunga, hukohuko mkoani kwenu Tabora, ndiko Mfuko wa Afya ya Jamii ulikojaribiwa kwanza, katikati ya miaka ya 1990. Tazama jina: mfuko, siyo bima. Mfuko haukatwi, unachangiwa. Kaya ilitoa chake kwa mwaka, Serikali nayo iliongeza kiasi kilekile, na mpango huo wa kuongezea ukaitwa *tele kwa tele*, jina ambalo naliona zuri kuliko mengi yanayotungwa maofisini siku hizi. Nomino ikibadilika, kitenzi kinabadilika, na mtu anajiona tofauti: anayechangia ana sauti kwenye mfuko, anayekatwa ana malalamiko.

Cha pili ni *kutozwa*. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 inawataka wakazi wa Tanzania Bara wajiunge, na kwa wasio na uwezo imetaja vyanzo vya pesa kama ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, pombe na vipodozi. Mnywa soda wa Urambo hakukata bima, hakukatwa, wala hakuchangia kwa hiari. Ametozwa, na huenda hajui. Hapo ndipo ulipo mvutano wenyewe wa nchi nzima: watu wakate kwa hiari, wakatwe kwa lazima, au watozwe wote ili wasio nacho wakatiwe? Muswada wa kwanza wa 2022 ulitaka hata kuifungamanisha bima na huduma nyingine, leseni ya udereva mojawapo, yaani ili ukate leseni sharti uwe umekata bima. Mimi si mchumi. Lakini nimesikia mijadala mingi ya redioni ambapo mgeni mmoja anasema "wananchi watakata bima" akimaanisha watakatwa, na mwenzake anajibu jambo ambalo halikusemwa. Atakayesema "kukata" ameahidi hiari. Kama lazima ndiyo nia yake, aseme "watatakiwa kukata", watu wajue wanabishania nini.

Ushauri wa muhtasari: mwambie katibu aifute ile sentensi na aandike mojawapo ya hizi, kulingana na mlichokubaliana. "Chama kitawakatia wanachama wote bima ya afya kwa pesa za chama." Au, "Kila mwanachama atakatwa mchango wa bima ya afya katika malipo yake ya tumbaku." Au, "Mwanachama anayetaka atakata bima mwenyewe." Asome kwa sauti kabla ya kura kupigwa, na kiasi akitaje kwa shilingi.

Na yule mzee mwambieni sarufi iko upande wake.