Vitu vya umeme vya ofa, unanunua dukani unakuja kuvipiga mnada mtandaoni: inalipa au hailipi?

Kila zikifika siku za ofa, Desemba mwishoni na ile Januari ambayo kila mtu kakauka, inboksi yangu inajaa swali moja tu. Dada, nimeona duka flani pale mjini Mwanza wameshusha bei za tivii, nikichukua tano nikaja kuzipiga mnada kwenye grupu si ntapata hela ya haraka? Nimeona niandike mara moja kwa urefu, maana kwenye voisi narudia maneno yale yale na bado naona watu wanazamisha mitaji, tena mitaji yenyewe ya kikoba, hela ya watu.

Hela ipo, ila haipo pale wengi wanapoitafuta. Ile bidhaa mpya kabisa, ipo ndani ya boksi, duka limeishusha bei na kubandika bango nje Barabara ya Nyerere kila anayepita na daladala anaisoma, hiyo iache. Najua unaona 340,000 imekatwa imeandikwa 265,000 na akili inakwambia tayari una 75,000 mkononi. Huna. Ile 265,000 ndo imeshakuwa bei ya mji.

Mimi nililijifunza hilo Januari 2023. Nilichukua tivii sita za inchi 32, moja 265,000, jumla 1,590,000, na kati ya hiyo hela laki nane ilikuwa mkopo wa kikoba. Bajaji ya kunitolea mzigo mjini mpaka Nyakato elfu kumi. Ijumaa saa mbili usiku admini akapandisha picha kwenye grupu, dau linaanzia 250,000, kufunga saa nne kamili. Ya kwanza ikaenda 310,000. Ya pili 295,000. Ya tatu mteja wa Buswelu akapanda mpaka 280,000. Nikalala nimefurahi jamani, nimeshapiga hesabu ya kurudisha kikoba kabla ya muda.

Jumamosi asubuhi kuna mtu kaenda dukani kwenye mambo yake, akapiga picha lile bango, akaitupia kwenye grupu bila neno hata moja. Basi. Zilizobaki zikaenda 270,000, nyingine 270,000, ya mwisho 260,000 yaani chini ya bei niliyonunulia, na hapo ni baada ya kuwabembeleza watu wiki mbili nzima. Halafu yule mzee wa Buswelu akanipigia, "Binti yangu, mimi sina ugomvi na wewe, ila hii tivii ina mistari, sitakaa nayo." Nikamwambia baba irudishe tu, nikamrudishia hela yake yote. Nikaibeba mpaka dukani wakanionyesha maandishi madogo chini ya risiti, bidhaa za ofa hazirudishwi. Fundi akaniambia paneli imekufa na bei ya paneli unaongezea kidogo tu unapata tivii nyingine, akainunua yeye kama spea kwa 80,000.

Sasa fanya hesabu na mimi. Tano zilizouzika zimeleta 1,405,000, ukiongeza 80,000 ya fundi ni 1,485,000. Mtaji ulikuwa 1,590,000. Hapo sijaweka bajaji 10,000, admini anakula 5,000 kwa kila dau linaloshinda na ile iliyorudi hakunirudishia kwa hiyo 30,000, makato ya kutoa kwenye simu 18,000, kifurushi cha tivii moja iliyoenda Geita kwa basi 10,000, na bando 5,000. Jumla 73,000. Ukikusanya yote nimepoteza 178,000 na riba ya kikoba ikabaki palepale inanisubiri. Zile namba nilikuja kuziandika kwenye daftari mwezi wa pili, na hapo ndo nilipoona kosa langu. Nilikuwa nahesabu bei ya kununua na bei ya kuuza basi, vile vya katikati vyote naviona ni vihela vidogo vidogo.

Wengine wananiambia Mwanza ni padogo, Ulaya na Marekani ndo wanapiga hela. Nina ndugu yangu yuko Ohio, naye aliingia humo humo, anavizia punguzo za Novemba anaenda kuuza eBay, lile soko la mnada la mtandaoni. Kule eBay kwa aina nyingi za bidhaa wanakata kama asilimia 13 hivi, na wanakata kwenye jumla yote aliyolipa mteja, pamoja na hela ya usafirishaji. Kompyuta mpakato aliyonunua dola 300 akiiuza 350 anakatwa kama 45, anabaki na 304 na senti, hajanunua boksi, hajalipia posta. Na mteja akisema kitu hakifanani na maelezo, ndani ya siku 30 tangu akipokee ana haki ya kurudishiwa hela yake. Kwa hiyo ni ugonjwa ule ule, wamebadilisha sarafu tu.

Na kwa hapo hapo kwenye eBay, kuna kitu yeye ndo alinifundisha na mimi nakitumia mpaka leo. Usiangalie bei watu wanazotaka, angalia bei watu walizolipa. Kule kuna sehemu ya kuchuja unaona vilivyouzwa tu. Huku kwetu hakuna kitufe hicho, kwa hiyo nimejitengenezea wangu, kila mnada ukifunga kwenye grupu tatu nilizopo naandika kwenye daftari kitu gani, hali yake, kimefunga shilingi ngapi, na kama mshindi alilipa kweli. Mtu anaweza kuweka sabufa 150,000 mtandaoni ikakaa miezi mitatu, ukiitumia hiyo kama bei ya soko umejidanganya mwenyewe.

eBay yenyewe ukiangalia ilivyoanza inakuonyesha mnada ni wa nini. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alipoifungua, kitu cha kwanza kuuzika kilikuwa kitochi cha leza, tena kibovu, kikaenda dola 14.83, na mnunuzi alikuwa anajua kabisa ni kibovu, alikuwa anakusanya vibovu. Sasa hicho dukani ungekiweka rafu gani na bei gani? Mnada unamtafuta yule mtu mmoja anayekitaka kitu ambacho wengine wote hawakitaki. Pasi mpya ya boksi inayouzwa maduka kumi haihitaji mnada, ndo maana hata eBay sasa hivi mauzo mengi ni ya bei iliyowekwa kabisa, sio ya kupandishiana dau.

Mimi nilipoelewa hilo nikabadilisha mzigo. Kuna duka lilikuwa na sabufa tisa za kurudishwa na za kuonyeshea, hazina rimoti, mbili hazina hata boksi, zimejaa vumbi chini ya meza. Mpya yake 120,000. Nikapatana kwa 45,000 moja, zote 405,000. Kabla sijalipa nilikaa pale sakafuni karibu saa mbili, nachomeka moja moja, naweka flashi, nawasha bluetooth, nazungusha sauti mpaka mwisho kusikiliza spika kama inakwaruza, nageuza nyuma nashika zile tundu za waya kama zinacheza. Vijana wa dukani walichoka na mimi lakini nilizipata mbili zenye tundu bovu na nikajua kabla ya kulipa. Rimoti nilizipata Makoroboi 5,000 kila moja, 45,000. Fundi akanibadilishia yale matundu mawili 8,000 kila moja. Nikazifuta na kitambaa chenye spiriti, vile vikona vyote, nikazipiga picha mchana nje kwenye mwanga, na nikaandika wazi kabisa hii ilikuwa ya kuonyeshea, ina mchubuko hapa, boksi haina.

Ziliisha wikiendi tatu. Jumla 742,000. Toa ununuzi na matengenezo 466,000, toa admini 45,000, usafiri na boda 30,000, makato 15,000, nikabaki na 186,000. Kila moja elfu ishirini na kidogo. Sio hela ya kuachia kazi, lakini ni hela ya kweli na imetoka kwenye ile rimoti, lile tundu na kile kitambaa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ninunue nini namwambia tafuta chenye kasoro ndogo ambayo wewe unajua kuiondoa. Tivii isiyo na rimoti wala stendi, redio isiyo na antena, blenda yenye jagi lililopasuka ila mota nzima, adapta imepotea. Simu za kurudishwa mimi nazikwepa, ila ukizichukua basi bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, uitume 15090 ujue kama simu ni halali kabla hujatoa hata shilingi. Wote tunakumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa, mtu unaamka umeshika kioo tu. Na vya kutoka Marekani geuza nyuma usome kale kakaratasi. Kakiandika INPUT 100-240V uko salama, kakiandika 120V peke yake ujue umeme wetu wa 230 utakiunguza. Ndugu yangu alituletea blenda ya hivyo, mama akaichomeka mara moja tu, moshi ukajaa jikoni nzima.

Sasa washindi wasiolipa. Hili ndo linaloua minada ya grupu. Mtu anapanda dau saa tatu na dakika hamsini na nane kwa mihemko, asubuhi simu haipokei. Dawa niliyoipata ni kishika uchumba, elfu kumi kwenye lipa namba ndani ya saa moja baada ya kufunga, asipotuma naenda kwa wa pili kwa dau lake yeye. Wapo waliochukia, waache wachukie, tangu niweke hivyo nakimbiwa mara chache sana. Na kila kitu kabla sijakifunga nakirekodi video kinawaka na serial namba yake ya kiwandani inaonekana, kwa sababu ilishanitokea nikarudishiwa sabufa inayofanana na yangu ila kuukuu, ndani kumeoza. Sikuwa na video, sikuwa na la kusema, nikalipa.

Kuna kingine cha huku kwetu tu ambacho sijaona mtu anakisema. Angalia mwezi, na sisemi wa kalenda, ule wa juu angani. Wavuvi wa dagaa wanavua na taa, mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti dagaa, kwa hiyo wanapumzika, hesabu za giza, zile siku walizovua, zinafanyika na watu wanalipwa. Ndo siku utawaona Kirumba na mjini wamekuja kununua. Sabufa ile ile niliyoifunga 75,000 wakati wa giza imewahi kwenda 95,000 mbalamwezi, mnunuzi ni kijana wa Ukara alikuwa yuko mjini siku mbili tu. Na watu wa visiwani wanataka vinavyokubali betri na sola, tivii yenye tundu la volti 12, redio ya kuchaji. Hizo dukani mjini zinakaa mpaka zinashushwa bei kwa sababu mtu wa Nyegezi mwenye umeme hazimhusu, wewe ukizichukua unajua kabisa zinaenda wapi. Mzigo wa Nansio unapanda meli, wa Sengerema na Geita tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 hausubiri tena kivuko, basi likitoka asubuhi mteja anapiga simu mapema tu kwamba kapokea. Nauli ya kifurushi iandike kabisa kwenye tangazo kwamba ni ya mnunuzi, usije ukajikuta unaibeba wewe kwa aibu.

Mtaji wa kuanzia, kwa ushauri wangu, usizidi laki mbili na iwe hela yako. Usiingie na mkopo wa kausha damu, ndugu zangu, nawaomba sana, kwa sababu marejesho yale ni ya kila wiki na mnada hauna wiki, kitu kinaweza kukaa siku arobaini kikisubiri mtu wake na wewe kwa sababu ya presha ukakitupa kwa hasara. Nunua vitu vitatu, viuze vyote, andika kila shilingi iliyotoka hata ya boda na ya bando, ndo urudi dukani.

Wiki hii mimi nina redio nne za kuchaji, tatu hazikuwa na antena nimeshaziwekea, moja bado natafuta mfuniko wa betri, nimezunguka Mlango Mmoja sijaupata. Mwezi unajaa Jumamosi, nikikosa mfuniko nitaiuza hivyo hivyo na nitauandika kwenye tangazo kwamba haupo.