Mwalimu Mpya Usimpe Chaki Ukaondoka

Ijumaa iliyopita jioni nilikuwa nachambua mchele simu ikalia. Picha, WhatsApp. Barua yenye nembo ya halmashauri, na chini yake maneno matatu: "Madam, nimethibitishwa kazini!" Niliweka ungo chini. Nina shahada, nimeshapanda madaraja, nimeshapewa cheti cha mfanyakazi bora Mei Mosi, lakini hakuna karatasi iliyowahi kunifurahisha kama hiyo, na wala si yangu.

Aliyeituma ni binti anayefundisha Hisabati shuleni kwetu. Miezi 12 ya majaribio imekwisha na sasa ni mtumishi kamili. Mwezi wa pili tu tangu aripoti alikuwa ameshaniambia anataka kurudi kwao Mbeya akasimamie duka la mama yake. Wenzangu wananiuliza nilimfanyia nini. Nilikaa dawati la nyuma, basi. Ila ili mnielewe, lazima nirudi 2007.

Mimi ni "voda fasta". Walimu wa rika langu wanalijua jina hilo. Shule za kata zilikuwa zinafunguliwa kila kona ya nchi, madarasa yapo, wanafunzi wapo, walimu hakuna. Ndipo tukachukuliwa sisi tuliomaliza kidato cha sita, tukapewa mafunzo ya wiki chache, tukakabidhiwa leseni na kupangiwa vituo. Watu wakatubandika jina la huduma ya kuongeza salio kwa haraka. Nililisikia ofisini, nikalisikia harusini, na mzazi mmoja alinitamkia usoni mbele ya mwanawe. Miaka mingi imepita, chuo nimekwenda nikamaliza, na bado likitajwa linanichoma. Nchi ilituita, tukaenda. Kosa letu lilikuwa nini?

Nilipangiwa kijiji kimoja mkoani Tabora, kwenye mashamba ya tumbaku. Mkuu wa shule alinipa boksi la chaki na kitabu kimoja, akanyoosha kidole: "Kidato cha Kwanza ni kile pale." Wanafunzi 74, mimi nina miaka 21. Wiki tatu nzima nilikuwa naingia, naandika, naeleza kwa Kiingereza nilichokariri usiku kwa mwanga wa koroboi, wao wananakili. Kimya kabisa. Nami nikajua ni adabu, na kwamba wananielewa.

Kulikuwa na mzee mmoja, mwalimu wa Historia, aliyebakiza kama miaka miwili astaafu. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, naomba nije nikae darasani kwako." Hakusema anakuja kunikagua. Aliomba. Akaja na daftari lake, akajibana dawati la mwisho pamoja na wavulana wawili, magoti yamepanda juu kwa sababu dawati lilikuwa dogo. Siku ya kwanza hakusema neno. Ya pili vilevile. Siku ya tatu tulipotoka akaniuliza kitu kimoja tu: "Yule binti wa dirishani, mwenye sweta lililochanika kiwiko, umeshawahi kusikia sauti yake?"

Sikuwahi. Kusema kweli, hata sura yake sikuikumbuka. Mzee akasema taratibu, "Unafundisha ubao, mwanangu. Kesho njoo kwangu, ukae nyuma."

Kesho yake nikakaa. Dakika tano za mwanzo hakugusa chaki. Alimwinua mwanafunzi mmoja aeleze somo la jana kwa Kiswahili, darasa likacheka, likamsahihisha, likabishana. Ndipo akawaambia, "Haya, sasa tulisemeje kwa Kiingereza?" Wakasaidiana neno kwa neno mpaka sentensi ikasimama. Watoto wale wametoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu Januari moja wanaamka kila kitu ni Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe. Mimi nilikuwa nimepita njia hiyohiyo na nilikuwa nimesahau! Ualimu wangu ulianzia kwenye dawati lile.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Mwaka 2016 nilikuwa mkuu wa idara, shule nyingine, jina limeshajengeka. Tukaletewa kijana wa Hisabati. Mkuu wa shule akanikabidhi nimlee. Unadhani nilifanya alichonifanyia mzee? Hapana. Nilimdai azimio la kazi, nikamdai andalio la somo kila Jumatatu asubuhi, nikayajaza kalamu nyekundu. Nilikaa nyuma ya darasa lake mara moja tu, na siku hiyo akaandika ubaoni kwamba −5 − (−3) ni −8. Nilisimama palepale. "Mwalimu, hiyo ni −2." Kidato cha Kwanza kizima kiligeuka kunitazama, kisha kikamgeukia yeye. Alifuta kwa kiganja, hata dasta hakuchukua. Vumbi jeupe lilibaki kwenye suruali yake nyeusi mpaka saa ya kutoka.

Wanafunzi wakaanza kumwita "Hasi Nane". Nilijua, sikulizuia. Nilijiambia atazoea, kwani mimi si nilizoea langu? Baada ya muda akaomba uhamisho, haukutoka, akaacha kazi. Miaka kadhaa baadaye tulikutana stendi ya mabasi. "Shikamoo, madam." "Marahaba." Akapita na begi lake. Nilitaka kumwomba radhi, mdomo haukufunguka, na hadi leo sijamwomba. Kama unasoma hapa, mdogo wangu, nisamehe. Kosa la alama lingesubiri dakika ishirini, nikuambie nje chini ya mwembe, kesho yake ulisahihishe mwenyewe mbele ya watoto wako.

Kwa hiyo huyu binti wa Mbeya alipokuja nilikuwa na deni. Nilinunua daftari dogo la kurasa 48. Kila wiki nilikaa nyuma ya darasa lake kipindi kimoja, naye akakaa nyuma ya langu kimoja. Ndani ya daftari tuliandikiana mambo mawili tu: kitu kimoja kilichokwenda vizuri, na swali moja. Swali, si amri. "Kwa nini uliwapa mfano wa pili kabla hawajamaliza wa kwanza?" Ananijibu kwa maandishi. Naye akaniandikia langu: "Madam, mbona unawauliza wale wa mbele tu?" Iliniuma. Alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo nafundisha nikitembea mpaka nyuma.

Jambo jingine ambalo wazoefu tunalisahau ni tumbo. Mwalimu mpya anafika na begi na godoro, mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa, fedha za kujikimu nazo zina mwendo wake. Ukija mshahara, aliyesoma kwa mkopo anakatwa asilimia 15 na Bodi ya Mikopo. Hapo katikati ndipo watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, wanapompata: laki mbili leo, kadi yake ya benki wanabaki nayo wao. Nimeona walimu wanakwenda mwaka wa tatu hawajui mshahara wao unafananaje. Yule binti nilimtafutia chumba, nikampeleka kwa mama wa genge anayeuza kwa daftari, nikamwambia kadi ya benki hapewi mtu, hata akiwa rafiki, hata akiwa mimi. Maandalio mazuri hayaandikwi na mtu aliyelala njaa.

Ndugu zangu wenye miaka kumi, kumi na tano kazini, tuache kisingizio cha vipindi vingi. Sasa kuna MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunakaa jumuiya za kujifunza shuleni na nafurahi ipo, lakini nyingine zimegeuka kikao cha kusaini mahudhurio. Ingia darasani kwake. Kaa nyuma. Nyamaza. Halafu mkaribishe kwako akuone nawe unakosea, maana asipokuona ukikosea atadhani anayekosea ni yeye peke yake nchi nzima. Na wanafunzi wakimpa jina baya, lizime siku hiyohiyo, usingoje kesho. Wewe ulitukanwa ulipoanza? Na mimi pia. Hiyo si hati ya kumtukania mwingine.

Jumatatu nilimpongeza ofisini, tukanywa chai na mihogo ya kuchemsha. Kabla kengele haijalia aliniuliza kama anaweza kukaa nyuma kwa yule kijana mpya wa Fizikia, ambaye kwa siku mbili hajala na wenzake. Nikafungua droo nikampa daftari jingine, jipya. Ameanza Jumanne, kipindi cha pili, Kidato cha Pili A.