Dakika mbili za VLC hazijapima kitu

Omera, wewe wa Nakuru, weka hiyo laptopu chini kwanza. Unasema unafunga TV za multicast (mkondo mmoja wa video unaogawiwa TV nyingi kwa mtandao), ruta ni ya kampuni moja, swichi za nyingine, kesho utafungua VLC, ile programu ya kuchezea video, "dakika mbili tatu hivi" na picha ikitokea unakabidhi kazi. Halafu ndio unauliza kama RP (ruta ambapo watumaji na wapokeaji wa multicast hukutana) uiandike kwa mkono au uachie BSR (utaratibu wa ruta kuichagua zenyewe), na kama SSM (TV kuomba mkondo kwa kumtaja mtumaji wake) ina faida kwa TV arobaini. Mimi nilikabidhi hivyo hivyo hapa Kisumu, na deni lake nimemaliza kulipa juzi.

Ilikuwa hoteli, Milimani. Aliyeniuzia swichi aliniapia: "IGMP ni IGMP, zitaongea tu." IGMP ndiyo lugha ambayo TV huombea chaneli. Zikaongea kweli. Dakika tano chaneli zote safi, meneja akanipa mkono, nikapanda boda. Jumamosi ikawa Mashemeji, ile dabi ya Gor na Ingwe, ukumbi umejaa, TV zote zikaganda pamoja straika akiwa ameinua mguu. Nikazima ruta, nikawasha. Picha hiyo! Dakika saba hivi, ikaganda tena. Nikazima tena. Bao tulilisikia kwa redio ya soja wa geti.

Sasa upumbavu wenyewe ni huu. Kwa kuwa kuzima na kuwasha kulileta picha, nikaamua ruta ni mbovu. Nikakopa sacco, nikanunua nyingine, modeli ileile. Nayo ikafa dakika ya saba. Angalau mimi ni mtu wa msimamo.

Wiki ya pili ndio nikanasa pakiti, yaani nikarekodi data inayopita kwenye mtandao. Kwenye VLAN moja (kipande kimoja cha mtandao), kifaa kimoja tu huuliza "nani bado anataka hii chaneli?", na kazi hiyo huchukuliwa na mwenye anwani ndogo ya IP. Anwani ya ruta yangu iliishia .254. Ya swichi iliishia .2, na swichi ilitoka kiwandani ikiwa imewashwa kuuliza. Ruta ikiamka inauliza, swichi inajua ruta iko poti gani, ripoti za TV zinapita. Kisha ruta inasikia .2 ikiuliza, inanyamaza kwa adabu kama RFC (waraka wa kanuni za mtandao) inavyoitaka. Swichi ingeweza kuendelea kuijua kwa salamu za PIM (lugha ya ruta za multicast), zinatoka kila sekunde 30, lakini ile haikuwa na habari na PIM. Ikaisahau poti ya ruta. Ripoti zikakoma kufika, ruta ikangoja sekunde zake 260 (125 za kati ya swali na swali mara mbili, jumlisha 10 za kungoja jibu), ikafunga bomba. Yaani hakuna aliyevunja kanuni! Yule muuzaji hata hakunidanganya, na bado nikimwona Oginga Odinga Street navuka barabara nisije nikamkaba.

Kwa hivyo nusu saa. Washa kila kitu upya, fungua chaneli, usiguse chochote nusu saa nzima. Kumi hazitoshi, maana vipima-muda vya vifaa hupangana kimoja nyuma ya kingine. Kula ngege, rudi. Na ukiona kuzima na kuwasha kunaponya, usinunue kitu, nasa pakiti.

Dawa yangu ilikuwa mistari miwili ya amri: nikaiambia swichi isiulize, nikaiandikia poti ya ruta kwa mkono. Bure kabisa. RP nayo andika kwa mkono, ruta ni moja, BSR ya nini?

Usiku huu ingia kwenye swichi, angalia kama imewashwa kuuliza na anwani yake ni ngapi kando ya ile ya ruta. Bandika hapa kabla hujapanda matatu kesho.